Sura ya Sita: Palipo na Gegedu

Mgonjwa wa nje katika hospitali nyingi za umma za Meru na Embu hubeba historia yake mwenyewe. Ni kitabu cha mazoezi cha mtoto wa shule, chenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, kilichonunuliwa katika kibanda kilicho nje ya lango. Kila anayemhudumia huandika humo alichoambiwa, alichokiona na dawa alizotoa, kisha kitabu hurudi nyumbani mkobani. Kurasa zikiisha, au mvua ikikilowesha, hununuliwa kingine, na kile cha kwanza hubaki chini ya godoro.

Sura hii inahusu ugonjwa unaoweza kukaa ndani ya kitabu kama hicho miaka miwili au mitatu, umeandikwa wote, dalili baada ya dalili, bila mtu kuutaja jina.

Tuchukue mfano. Mgonjwa huyu nimemtunga, lakini kila anachougua kimo katika maelezo ya kitabibu ya ugonjwa wenyewe. Ni mama wa miaka 46 anayechuma majani chai na kufuga ng'ombe wawili kwenye mteremko ulio juu ya Runyenjes. Mwezi Machi alikwenda zahanati: sikio la kulia limevimba, lina moto, haliguswi. Akapewa amoksilini, na baada ya siku kumi likapoa. Julai magoti na viwiko vikamuuma, na jioni akawa na homa. Akapimwa brusela, kipimo kikasema ndiyo, akatibiwa wiki kadhaa. Novemba likavimba sikio la kushoto; safari hii alinunua dawa kwenye duka la dawa tu, maana amoksilini anaijua. Februari macho yakawa mekundu na kuuma kwa ndani, akapewa matone. Mei sauti ikakauka, akaanza kukohoa na kubanwa na pumzi usiku. Kitabuni pakaandikwa pumu, akapewa dawa ya kupulizia.

Hakuna hata mmoja kati ya waliomhudumia aliyefanya jambo la ajabu. Sikio lililovimba kwa kawaida lina maambukizi. Mfugaji mwenye homa na maumivu ya viungo anastahili kufikiriwa brusela. Anayebanwa na kifua usiku kwenye baridi ya Mlima Kenya huenda kweli ana pumu. Kila ukurasa ukiusoma peke yake unakubalika. Tatizo liko kati ya ukurasa na ukurasa, kwa sababu masikio mawili, viungo, macho na koo ni malalamiko ya kitu kimoja, nacho ni gegedu.

Gegedu ni ile tishu ngumu inayopinda bila kuvunjika. Shika sikio lako juu, ulikunje, uliachie: litarudi lilivyokuwa. Kazi hiyo hufanywa na gegedu. Sasa teremka hadi kwenye ndewe, pale panapotobolewa kwa ajili ya herini. Hapo pameregea, pana nyama na mafuta tu. Wazee wa Mlima Kenya waliozaliwa kabla ya desturi hiyo kufifia walizipanua ndewe zao hadi zikapitisha mapambo makubwa, na iliwezekana kwa sababu hakuna gegedu ndani yake. Tofauti hiyo ndogo kati ya sehemu ya juu na ya chini ya sikio itatufaa sana mbele.

Gegedu lipo pia kwenye daraja la pua, kwenye koromeo, kwenye pete zinazoliweka wazi bomba la hewa, kwenye ncha za mifupa inapokutana, na pale mbavu zinaposhikana na kidari. Jicho na moyo havina gegedu la namna hiyo, ila vina tishu zinazofanana nalo kwa viungo vyake vya kikemikali, na ndiyo maana navyo havisalimiki. Katika ugonjwa tunaouzungumzia, askari wa kinga ya mwili, ambao kazi yao ni kupambana na vijidudu, huligeukia gegedu na kulishambulia. Shambulio huja, likapoa, likarudi. Kila likirudi huacha hasara. Madaktari huuita polikondraitisi ya kujirudia.

Mtu wa kwanza kuueleza kwa maandishi alikuwa Rudolf Jaksch von Wartenhorst, daktari wa Prague, mwaka 1923. Mgonjwa wake alikuwa mwanamume wa miaka 32, mtengenezaji wa bia, ambaye alianza kwa homa na maumivu ya viungo, masikio yakafuata, kisha daraja la pua likazama. Jaksch alipochukua kipande cha ndani ya pua na kukitazama, gegedu lililopaswa kuwepo halikuwepo. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, daktari Mskoti Clive Irvine alikuwa amefika Chogoria kuanza kazi ya misheni iliyozaa hospitali iliyopo mpaka leo. Kwa hiyo ugonjwa huu una umri unaolingana na hospitali kongwe za ukanda huu, na bado daktari anaweza kufanya kazi maisha yake yote bila kuutambua hata mara moja.

Jina linalotumika sasa lilitolewa mwaka 1960 na Pearson na wenzake nchini Marekani. Mwaka 1976 McAdam, akiwa na Pearson huyohuyo na wengine, walikusanya taarifa za wagonjwa 159, wengi wao kutoka kwenye maandishi ya wengine, wakatoa alama sita: masikio yote mawili kuvimba, viungo kuuma na kuvimba bila mifupa kuliwa, gegedu la pua kuvimba, macho kuvimba, koromeo au bomba la hewa kuvimba, na sikio la ndani kuathirika, mtu akapoteza usikivu au akashikwa na kizunguzungu. Mwenye tatu kati ya hizo sita anaangukia ndani ya ugonjwa. Miaka mitatu baadaye Damiani na Levine wakalegeza masharti: alama tatu zinatosha bila kukata kipande cha nyama, alama moja inatosha ikiwa kipande kilichopimwa kimethibitisha, na sehemu mbili za gegedu zinatosha ikiwa zimetulia kwa dawa za steroidi au dapsoni.

Hesabu sasa alama za yule mama wa Runyenjes. Masikio mawili, viungo, macho, koo. Ana nne. Alifikisha tatu mwezi Februari, kabla pumzi haijaguswa. Kwa masharti hayo yaliyolegezwa, yasiyohitaji stima wala mashine, ugonjwa wake ungeweza kutajwa miezi mitatu kabla ya usiku wa kwanza wa kubanwa na pumzi.

Mimi naamini jambo hili lina uzito kuliko mengine yote katika sura hii. Tumezoea kudhani kwamba magonjwa adimu hayajulikani kwetu kwa sababu vipimo vyake viko mbali: Nairobi, India, Ulaya. Kwa magonjwa mengi ya kurithi hilo ni kweli. Kwa huu si kweli. Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha, si Embu, si London. Daktari wa Boston naye huufikia kwa njia ileile anayoweza kuifuata afisa wa kliniki wa Kyeni au Nkubu: kuuliza, kutazama, kugusa na kujumlisha. Na huko Boston kwenyewe, madaktari Trentham na Le walipochapisha taarifa za wagonjwa 66 mwaka 1998, ilionekana kwamba tangu mgonjwa alipoanza kutafuta tiba hadi ugonjwa kutajwa ilipita wastani wa karibu miaka mitatu, na theluthi yao walikuwa wamepita kwa madaktari watano au zaidi. Mama wa Runyenjes hayuko nyuma ya dunia. Yuko katikati yake.

Gegedu limewapita hata wanasayansi waliokuwa wakilitazama. Lewis Thomas, mtafiti wa Marekani, aliwadunga sungura kimeng'enya cha papaini, kinachotokana na utomvu wa papai, na katika muda wa saa chache masikio yao yaliyosimama yakalala pande zote mbili. Alilitazama gegedu kwa hadubini harakaharaka, akaliona liko sawa, akaacha. Kila mtu alilijua gegedu kuwa tishu tulivu isiyo na mambo. Miaka kadhaa baadaye, akiwafundisha wanafunzi, alilinganisha kipande cha sikio lililolala na kipande cha sikio zima, akaona kwamba ule ute mgumu unaozishikilia chembe za gegedu ulikuwa umepungua mno. Akachapisha matokeo mwaka 1956. Wanasosholojia wawili, Barber na Fox, walivutiwa na tukio hilo hata wakaandika makala kuhusu namna mtu anavyoweza kukiona kitu na kukipita, na wakaonyesha kwamba mtafiti mwingine naye alikuwa ameyaona masikio yaleyale na kuendelea na shughuli nyingine.

Turudi chumba cha daktari. Vitabu vingi vya tiba viliandikwa kwa macho yaliyozoea ngozi nyeupe, vikasema sikio huwa jekundu kama nyama mbichi. Anayeutafuta wekundu huo kwa mama wa Embu anaweza kusema sikio ni zima. Kwenye ngozi yetu sikio huwa jeusi zaidi, lenye rangi ya zambarau kidogo, linang'aa kwa kuvutika, na mikunjo yake ya ndani hujaa hadi sura ya sikio inapotea. Mkono hujua kabla ya jicho: weka mgongo wa vidole kwenye sikio moja, kisha kwenye lingine, na joto litajitokeza. Halafu bana ndewe taratibu. Ikiwa sehemu yote ya juu inauma hata kwa kuguswa na kitambaa cha kichwani, na ndewe haiumi wala haijavimba, fikiria gegedu. Maambukizi ya ngozi hayachagui. Huivimbisha ndewe pamoja na sehemu nyingine. Ukoma, ambao kwa vizazi vingi umekuwa ukiharibu masikio na pua za watu wa Afrika Mashariki, hupenda sana kuinenepesha ndewe. Ugonjwa huu huiruka.

Muulize mgonjwa analala upande gani. Wengi watakwambia bila kusita: «Daktari, huu upande siulalii, mto wenyewe unanichoma.»

Uliza pia kuhusu lile sikio jingine, na kuhusu mwaka jana. Maambukizi ya gegedu la sikio hutokea, hasa kwa vijana waliotoboa sikio juu kwa sindano isiyo safi au waliogongwa mchezoni, nayo ni dharura inayohitaji dawa kali ya vijidudu. Lakini bakteria hana sababu ya kulivimbisha sikio la kulia Machi na la kushoto Novemba bila jeraha lolote. Hapa ndipo amoksilini inapopotosha. Shambulio la gegedu hupoa lenyewe baada ya siku kadhaa au wiki chache, hata mgonjwa akinywa maji matupu. Aliyekunywa amoksilini siku hizo huipa amoksilini sifa, na kitabuni huandikwa «amepata nafuu». Kuanzia hapo kila anayesoma ukurasa huo anaamini kulikuwa na bakteria.

Brusela ina kisa kinachofanana. Kwenye maeneo ya wafugaji wa Kenya ugonjwa huo upo kweli, na maziwa yasiyochemshwa huueneza. Ila kile kipimo cha haraka cha kuganda kilichotumika miaka mingi katika vituo vyetu hakiaminiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanywa na de Glanville na wenzake katika vituo vya afya vya magharibi mwa Kenya, uligundua kwamba kipimo hicho kilimpa jibu la ndiyo takribani mtu mmoja kati ya watano waliopimwa, ilhali vipimo vya uhakika zaidi viliwathibitisha chini ya mmoja kati ya mia. Sisemi hayo yote yametokea vilevile Embu. Nasema kwamba mtu mwenye viungo vinavyouma kwa sababu yoyote ile, akipimwa kwa kifaa cha namna hiyo, ana nafasi nzuri ya kurudi nyumbani na jina lisilo lake. Na mtu akishapewa jina huacha kutafuta.

Pua huzungumza polepole. Huanza na maumivu kwenye daraja, pua kuziba, kutokwa damu kidogo, ukoko. Baada ya mashambulio kadhaa, kwa baadhi ya wagonjwa, daraja huzama na pua ikabaki na bonde katikati. Sura hiyo si ya ugonjwa mmoja. Kaswende ya kuzaliwa nayo huileta, ukoma huileta, kifua kikuu cha pua na magonjwa ya mishipa ya damu huileta pia, kwa hiyo kupima kaswende na kutafuta vijidudu vya kifua kikuu si kupoteza muda. Naomba jambo moja hapa kwa waliomo kazini: msimwambie mtu mbele ya foleni kwamba pua yake «inaonekana kama ya kaswende». Katika mji mdogo neno hilo halirudi tena mdomoni.

Sikio la ndani huweza kugoma ghafla. Mtu anaamka hasikii upande mmoja, au ukuta unamzunguka na anatapika. Akipelekwa kwa mhudumu wa masikio, pua na koo, ambaye Kenya ina utaratibu mzuri wa kumfunza kwenye vyuo vya mafunzo ya tiba vya KMTC hata bila yeye kuwa daktari wa shahada, anaweza kuwa amefika mahali panapofaa kuliko anavyojua. Kama ningeambiwa nichague mtu mmoja Meru na mmoja Embu wa kuufahamu ugonjwa huu kwa kina, ningemchagua huyo mhudumu. Masikio, pua na koromeo vyote vinapita mikononi mwake. Anachohitaji ni kuuliza pia juu ya magoti na macho.

Koo ndilo linaloua. Pete za gegedu ndizo zinazoliacha bomba la hewa wazi wakati tunapovuta pumzi. Mkulima anayepandisha maji kutoka mtoni kwa pampu anaujua mpira wa kunyonyea wenye mbavu ngumu. Mbavu hizo zikioza, pampu ikivuta, mpira hujibana wenyewe na maji hayapandi. Ndivyo inavyokuwa kooni. Dalili za mwanzo ni sauti kukwaruza, kikohozi kikavu, na maumivu unapobonyeza koromeo kwa kidole gumba, pale mbele ya shingo. Pumu haiumi hapo. Pumu pia hupiga filimbi zaidi mtu anapotoa pumzi, na hufunguka kwa dawa ya kupulizia. Mlio mzito unaosikika mtu anapovuta hewa ndani, tena bila kifaa cha kusikilizia, unatoka juu, kwenye koromeo au bomba kubwa. Mgonjwa wa «pumu» aliyeanza baada ya miaka arobaini, ambaye sauti yake imebadilika na dawa ya kupulizia haimsaidii, aangaliwe masikio. Ukiona mlio huo na kifua kinavutwa ndani, mwandalie gari. Barabara ya kutoka Meru kupitia Chuka na daraja la Nithi hadi Embu, na kutoka Embu hadi Nairobi, si fupi kwa mtu ambaye njia yake ya hewa inajifunga.

Je, ni watu wangapi? Uchunguzi wa Rochester, Minnesota, ulikadiria wagonjwa wapya watatu na nusu kwa kila watu milioni kwa mwaka. Uchunguzi wa baadaye wa Uingereza ulitoa namba ndogo zaidi, pungufu ya mmoja kwa milioni. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,545,714 Meru na 608,599 Embu. Ukizichukua namba hizo za ugenini, na ni za ugenini kweli, kaunti hizi mbili zingepata kati ya mtu mmoja au wawili na saba au wanane kila mwaka. Ni wachache. Lakini ugonjwa huu hudumu miaka, kwa hiyo wachache wa kila mwaka hurundikana. Kila ninapoiangalia hesabu hiyo nawaza kwamba baadhi yao wamo kwenye foleni asubuhi hii, wameshika vitabu vyao.

Vipimo vinavyopatikana hospitali za kaunti vina kazi yake, ingawa hakuna kinachotoa jibu. Kasi ya chembe nyekundu kuzama huwa kubwa wakati wa shambulio, kuonyesha kwamba kuna moto mwilini. Kipimo cha rumatoidi mara nyingi huwa hasi. Picha ya mkono haionyeshi mifupa iliyoliwa. Mkojo upimwe kwa sababu figo zinaweza kuguswa, na moyo usikilizwe kwa sababu vali ya mshipa mkuu inaweza kuvuja. Theluthi hivi ya wagonjwa wana ugonjwa mwingine juu ya huu, mara nyingi wa mishipa ya damu au wa kinga kujishambulia. Skani ya CT ya shingo na kifua, ikipigwa mara mbili, mara moja pumzi ikiwa ndani na mara nyingine ikitolewa, huonyesha bomba linaloporomoka. Na huonyesha ukuta ulionenepa mbele na pembeni huku ukuta wa nyuma ukiwa salama, kwa kuwa nyuma hakuna gegedu. Ni ndewe tena, safari hii ndani ya kifua.

Kuna kundi moja lililojulikana juzi tu. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani, David Beck na wenzake, waliwaeleza wanaume 25, wengi wao wa umri mkubwa, waliokuwa na homa za kujirudia, vipele, mapafu kuvimba, damu pungufu, na wengi wao gegedu la masikio na pua likivimba. Wote walikuwa na hitilafu katika jeni ya UBA1, ambayo hawakuzaliwa nayo bali ilitokea uzeeni ndani ya chembe zinazozaa damu. Ugonjwa huo uliitwa VEXAS. Kuuthibitisha kunahitaji kipimo cha jeni, lakini kuushuku kunahitaji karatasi ya hesabu ya damu ambayo hospitali nyingi hutoa kila siku: mzee wa zaidi ya miaka hamsini, masikio yanavimba, damu imepungua na chembe zake nyekundu ni kubwa kuliko kawaida. Safu hiyo ya ukubwa wa chembe ipo kwenye karatasi. Mara nyingi haisomwi.

Mabingwa wa rumatolojia nchini Kenya ni wachache sana, na karibu wote wako Nairobi na miji mikubwa. Profesa Omondi Oyoo na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa nje, waliendesha mradi wa Uwezo kuwafunza wahudumu wa mikoani namna ya kumchunguza mgonjwa wa viungo, na huo ndio mwelekeo sahihi, kwa sababu bingwa hawezi kumwona mgonjwa ambaye hakuna aliyemshuku. Barua ya rufaa inayosema «maumivu ya viungo, tafadhali saidia» itamweka mgonjwa kwenye orodha ndefu, pengine kwa daktari wa mifupa. Inayosema kwamba masikio yote mawili yamevimba kwa zamu, ndewe zikiwa salama, pamoja na macho, viungo na sauti, humfungulia mlango mwingine. Siku hizi kuna msaada ambao Jaksch hakuwa nao: simu yenye kamera. Sikio likivimba, mtoto wa nyumbani alipige picha mchana, dirishani, pamoja na lile zima. Tarehe hubaki ndani ya picha. Mgonjwa akifika kliniki wiki tatu baadaye, sikio limeshapoa, ushahidi bado uko mkononi.

Tiba huanza na dawa ya bei nafuu inayopatikana kila kaunti. Shambulio dogo la sikio au viungo hutulizwa kwa dawa za kawaida za maumivu na uvimbe. La koo, macho au sikio la ndani huhitaji prednisoloni, na kwa dharura steroidi ya sindano. Mwenye ugonjwa sugu huongezewa methotreksati au azathioprini ili steroidi ipunguzwe, na dapsoni, dawa ya ukoma, bado ina nafasi yake kwa baadhi. Kabla ya kuanza, mgonjwa wa kwetu apimwe kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, sukari na shinikizo la damu, kwa sababu steroidi huamsha kilicholala. Na aulizwe kwa upole amekuwa akinunua nini dukani. Vidonge vya prednisoloni huuzwa kwa wenye maumivu ya viungo bila cheti, viwili leo, vitatu kesho. Huutuliza ugonjwa nusu, huuficha usionekane siku ya kliniki, na vikikatishwa ghafla baada ya muda mrefu vinaweza kumwangusha mtu.

Wagonjwa waliofuatiliwa Marekani na kuripotiwa mwaka 1986 walikuwa na nafasi ya asilimia 74 ya kuwa hai baada ya miaka mitano. Katika lile kundi la Boston la 1998 walionusurika hadi mwaka wa nane walikuwa asilimia 94. Makundi hayo hayafanani kabisa, hivyo tofauti yote isihesabiwe kuwa kazi ya dawa. Ila inatosha kumwambia mgonjwa kwamba kupewa jina hili si kupewa hukumu.

Jambo moja la mwisho liandikwe kwenye jalada la kitabu cha mgonjwa, kwa herufi kubwa, hata katika miaka asiyoumwa. Siku atakapohitaji upasuaji wowote, wa uzazi, wa kidole tumbo, wa mfupa uliovunjika kwa ajali ya bodaboda, anayempa dawa ya usingizi ajue kabla ya kumlaza. Bomba lake la hewa linaweza kuwa jembamba kuliko shingo inavyoonyesha, na likiguswa na mpira wa kupumulia linaweza kuvimba na kujifunga. Iandaliwe mipira ya saizi ndogo, awepo mtu anayeweza kufungua shingo, na ikiwezekana afanyiwe kwa ganzi ya mgongo akiwa macho na anapumua mwenyewe.